Bi Rula na Mwananchi wa Kawaida

Kuna watu wanaosoma gazeti, kuna wanaofungia karanga, na kuna shemeji yangu, anayelipima kwa rula.

Miaka ishirini na sita sasa. Saa mbili na robo asubuhi anafungua chumba namba kumi na nne cha chuo cha uandishi wa habari, ghorofa ya pili, mlango unaotazamana na choo cha walimu. Anavua viatu, anavaa ndara, anafuta meza kwa kitambaa kikavu, kisha anatandaza gazeti la jana kama fundi cherehani anayetaka kukata nguo. Habari ina urefu gani? Nani amesema? Mwanamume au mwanamke? Anafanya kazi gani? Habari imetoka wapi? Maswali matano, fomu moja kwa kila habari. Jioni fomu zinafungwa kwa uzi mwekundu, mwezi ukiisha zinaingia kwenye boksi, na maboksi yameshagusa dari.

Wanafunzi ndio waliombandika jina la Bi Rula, kwa kejeli, naye akalipokea kwa mikono miwili. Kwenye karatasi za mwajiri ni karani wa kumbukumbu. Kwangu ni shemeji, maana nimemwoa mdogo wake, na kwa leseni hiyo ananisema anavyotaka mbele ya yeyote. Rula yenyewe ni ya mbao, imelika mwanzoni mpaka sifuri imepotea. Kwa hiyo yeye huanzia kwenye moja, na akifika mwisho wa habari hutoa moja. Jambo dogo hilo, lakini liliniumbua.

Mimi? Nilikuwa mhariri wa habari wa gazeti letu kubwa kwa miaka tisa, nikatoka na shinikizo la damu, na siku hizi nafundisha maadili ya uandishi chuoni hapo, Jumanne na Alhamisi. Maadili, nimesema. Usicheke bado.

Nchi yetu ni ndogo. Tuna magazeti mawili yanayochukiana kama wake wenza, na yote mawili huchapwa kwenye mtambo mmoja, kwa hiyo wino ukipungua serikali na wapinzani wake wanatoka wamepauka sawasawa. Utafiti juu ya magazeti hayo ulikuwa kabati moja la bati kwenye maktaba ya chuo. Ndani yake tasnifu kumi na moja. Saba zinahusu umuhimu wa redio, na nne kati ya hizo saba zina jedwali lilelile ambalo jumla yake ni asilimia mia na tatu. Aliyekuja nyuma alinakili kwa aliyemtangulia, hakuna hata mmoja aliyejumlisha. Inanikera mpaka leo.

Wageni nao walikuja, kutoka vyuo vikubwa. Walikaa siku tisa, wakaomba kuonana na "wadau wakuu", wakaletwa kwa watu walewale watano, mmoja wao mimi. Nimehojiwa mara kumi na nne. Najua mpaka mahali pa kushusha pumzi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini wale jamaa waliondoka wakaandika sura nzima juu ya kunguni wetu.

Na kipo kitabu kinachotoka kila mwaka, kinachokusanya takwimu za vyombo vya habari vya ukanda wetu wote. Kila nchi ina mstari wake kwenye jedwali: nani anasikika kwenye habari, wanawake wangapi, wakubwa wangapi, wananchi wa kawaida wangapi. Sisi hatukuwa na mstari. Tulikuwa chini kabisa, tumerundikwa pamoja na nchi nyingine tatu, kwenye neno "Nyinginezo". Bi Rula aliukata ukurasa ule akaubandika ukutani juu ya meza yake.

"Nyinginezo ni droo ya jikoni, shemeji," alikuwa akiniambia. "Kule unakotupia kamba na betri zilizokufa. Mimi ni betri iliyokufa?"

Kabla ya kustaafu alitaka kitu kimoja tu: mstari wetu wenyewe.

Kupatikana kwetu kulitokana na tumbo la mgeni. Mtafiti mmoja, siku ya nane ya zile siku zake tisa, alitoka mbio ofisini kwa mkuu wa chuo akitafuta choo, akafungua mlango wa kulia badala ya wa kushoto. Akajikuta mbele ya maboksi mia tatu na kumi na mawili. Bi Rula anaapa kwamba yule bwana alisimama pale robo saa nzima akipekua fomu, shida iliyomleta ameisahau. Miezi miwili baadaye ikaja barua pepe kutoka kwa mhariri wa kile kitabu: tumesikia mna kumbukumbu, tuleteeni za miaka kumi na miwili, nanyi mtapata mstari.

Bi Rula aliichapisha nakala tatu. Ya kwanza aliibandika kando ya "Nyinginezo", ya pili alimpelekea mdogo wake nyumbani kwangu, na ya tatu alikuja nayo darasani, katikati ya somo, akanikabidhi mbele ya wanafunzi arobaini.

"Soma masharti," alisema huku anahema. Alikuwa amepanda ngazi mbilimbili, mwanamke wa umri ule.

Sharti lilikuwa moja. Habari mia mbili zisomwe na watu wawili, kila mtu peke yake, bila kuambiana, kila mtu ajaze fomu zake. Kisha majibu yalinganishwe. Wakikubaliana mara themanini katika kila mia, hesabu zote zinaaminika. Wasipofika themanini, maana yake kila mmoja alikuwa anajisomea anachokitaka, na sisi tunarudi kwenye droo. Mwisho ulikuwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, siku kumi na tisa mbele. Siku hiyohiyo Bi Rula alikuwa anastaafu.

"Na msomaji wa pili ni nani?" niliuliza, kama mjinga.

"Nani mwingine nchi hii ana macho na hana kazi?"

Darasa zima liliangua kicheko. Fomu ya mhariri iliuliza kama wasomaji wana undugu, tukaandika ukweli: mashemeji. Nchi yenyewe hii, ukimtafuta mtu asiye ndugu yako utakuta ni ndugu wa mkeo. Mhariri akajibu kwa neno moja: "Endeleeni."

Tukaendelea. Rula ilikuwa moja, na nilipomwambia tununue ya pili alinitazama kama nimemtukania mama. Miaka ishirini na sita ya kipimo kimoja, leo tuchanganye? Basi tukapeana zamu, asubuhi yake, mchana yangu. Nakiri kwamba nilianza kwa kununa na nikaishia kusahau chakula. Habari nilizozipitisha mwenyewe kwa mkono wangu nilizisoma upya kama barua za mtu mwingine, nyingine nikajipongeza, nyingine nikatamani kuzimeza.

Siku ya sita tukalinganisha. Majibu yalikuwa elfu moja kwa jumla. Tulikubaliana mia tano na sitini.

"Hamsini na sita kwa mia," alisema Bi Rula, akakaa juu ya boksi. "Shemeji, ulikuwa unasoma gazeti la nchi gani?"

Tukapekua. Kwenye swali la urefu hatukuwa tumekubaliana hata mara moja. Hata moja katika mia mbili! Vipimo vyangu vyote vilizidi vyake kwa sentimita moja kamili. Akaniangalia mimi, akaiangalia rula.

"Ulianzia wapi kupima?"

"Kwenye moja, kama wewe."

"Na mwishoni ukatoa moja?"

Nikaivuta fomu ya kwanza niitazame upya. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akampigia simu mdogo wake papo hapo. "Mumeo kaongeza urefu wa habari zote za nchi!" Mke wangu aliomba nipewe simu. "Sikiliza, baba watoto," alisema, bila kucheka hata kidogo. "Dada akirudi kwenye droo kwa ajili yako, na wewe tafuta droo ya kulala."

Nikatoa moja kwenye fomu zote mia mbili. Tukapanda mpaka sabini na sita. Bado nne.

Kosa lililobaki lilikuwa lake. Gazeti limesema "chanzo kilicho karibu na waziri", mimi nimeandika "chanzo, hakikutajwa", shemeji kaandika "dereva wa waziri". Gazeti limesema "daktari mmoja aliyekataa kutajwa", shemeji kaandika ni nani, wodi gani na zamu gani.

"Umeyatoa wapi haya?"

"Yapi?"

"Gazeti halikusema dereva!"

"Kila mtu anajua ni dereva."

"Sheria inasema andika kilichopo kwenye ukurasa. Si unachokijua wewe!"

"Sasa nikijua nifanyeje? Nijitie ujinga?"

Hili ni kosa ambalo watu wa nchi kubwa hawawezi kulifanya hata wakilitaka. Kule msomaji hamjui mtu, kwa hiyo anasoma karatasi. Bi Rula alikuwa anasoma karatasi na mtaa kwa pamoja. Nilichukua kalamu nyekundu nikaanza kuzungushia majibu yake, fomu moja baada ya nyingine, nikiwa nimekasirika kweli, ndipo nikaona jina moja linajirudia. Nusu Saa. Nusu Saa. Nusu Saa tena.

Nusu Saa ni fundi viatu. Kibanda chake kiko ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango wa gazeti letu, na jina amelipata kwa sababu ukimpelekea kiatu, kiwe kimeachia soli au kimepasuka vipande viwili, atakwambia, "Njoo baada ya nusu saa." Niliwahi kuisubiri nusu saa moja kwa siku nne.

"Huyu wa bei ya mafuta ndiye Nusu Saa?" niliuliza.

"Soma maneno yake."

Nikasoma. Mwananchi mmoja alisema bei mpya "inatubana kidoleni".

"Na huyu mgonjwa aliyeulizwa habari za hospitali?"

"Wewe soma tu."

Hospitali, alisema mgonjwa, "imepigwa kiraka, haijashonwa". Mzazi alilalamika kwamba watoto wamepewa mtihani "wa namba isiyo yao". Mpiga kura aliona wagombea wote ni "soli moja, rangi tofauti". Na picha! Nyuma ya mzazi, nyuma ya mgonjwa, nyuma ya mpiga kura, kulikuwa na ubao uleule wa buluu wenye kiatu kilichochorwa, umekatwa nusu na mpiga picha.

Miaka thelathini katika kazi hii, najua habari ikiingia mlangoni. "Shemeji," nilisema, "hili si kosa. Hii ni habari!"

Tukayafungua maboksi ya miaka kumi na miwili, ukurasa wa kwanza wa kila Jumatatu, kama mhariri wa kitabu alivyoagiza. Siku tatu tulikuwa sakafuni, mimi na magoti yangu mabovu, yeye na miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani. "Mwingine!" alikuwa anaita. "Sasa kawa mkulima!" "Huyu hapa, mstaafu!" Walimu waliokuwa wanaenda chooni walisimama mlangoni, kisha wakaingia, wakavua viatu, wakashika boksi kila mmoja. Ilipofika siku ya tatu Bi Rula alipiga ukelele uliowatoa watu madarasani. "Jamani! Hapa kawa mjane!"

Wananchi wa kawaida walikuwa wamesema mara mia nne na kumi na mbili. Mara mia moja na thelathini na moja, kwa hesabu ya Bi Rula, alikuwa Nusu Saa. Karibu theluthi ya taifa zima, na taifa hilo lilikuwa limeketi kwenye stuli ya miguu mitatu.

"Mimi nilidhani nyinyi mnajua," alisema, kwa mshangao wa kweli. Hakuwahi kuziweka fomu pamoja. Alizijaza siku moja moja, akazifunga uzi, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyemwomba azifungue. Kisha akaangalia tarehe. "Miaka tisa katika hii kumi na miwili, shemeji, mhariri wa habari alikuwa nani vile?"

Nyani haoni kundule. Ni mimi niliyekuwa nikipiga kelele kutoka mezani kila siku saa kumi na moja jioni, "Nitafutieni sauti ya mwananchi, mna dakika kumi!" Na dakika kumi zinakufikisha wapi? Zinakufikisha ng'ambo ya barabara. Niliwaona kwa dirisha wakivuka, niliwaona wakirudi. Sikuwahi kuuliza. Nilisikia aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Usijichape sana," alisema, lakini macho yake yalikuwa yanacheka. "Wewe mwenyewe ndiye fundi viatu wa watafiti. Mara kumi na nne!"

Kubadili majibu baada ya kulinganisha ni sawa na kuibia mtihani, kwa hiyo tulichukua habari nyingine mia mbili tukaanza upya, kila mtu na chumba chake, na safari hii sheria ilikuwa moja: andika kilichopo. Kwangu ilikuwa rahisi. Kwake yalikuwa mateso. Nilimsikia kupitia ukutani akijigombeza, "Humjui! Nimekwambia humjui!" Siku ya kumi na tano tukalinganisha. Themanini na nane!

Sijui nani aliyemkumbatia mwenzake kwanza. Mkuu wa chuo alikuja mwenyewe na kikokotoo, akapiga hesabu, akatangaza kwamba wananchi wa kawaida ni asilimia thelathini na nne ya sauti zote kwenye habari zetu. Hakuna nchi ya ukanda huu iliyofika hapo. Jirani yetu anayetusonya kila siku ana kumi na tisa. "Tunawasikiliza wananchi kuliko wote!" alisema mkuu, na akataka kuagiza bango.

Bi Rula peke yake hakupiga makofi. Alichukua kikokotoo akamtoa Nusu Saa. Ikabaki ishirini na sita.

"Thelathini na nne itatoka kwenye kitabu," alisema, "na itakuwa sahihi kwa sheria zote, na itakuwa uongo. Naweka maelezo chini ya mstari. Theluthi ya wananchi wetu ni mtu mmoja."

"Bi Rula," mkuu alimwambia kwa upole, "ukipeleka maelezo hayo watasema hesabu zetu mbovu. Watatutupa. Umebakiwa na siku nne. Peleka namba, nyamaza, ustaafu na mstari wako."

Na alikuwa na haki, maana hatari ilikuwa kweli. Shemeji aliutazama ukurasa wa "Nyinginezo" ukutani kwa muda mrefu. "Miaka ishirini na sita nimeutaka mstari," alisema. "Sikuutaka wa kuazima." Halafu akanigeukia. "Ila maelezo yanataka ushahidi. Picha nilizonazo ni tisa. Yaliyobaki yamo kichwani mwangu, na kichwa changu si ukurasa, umenifundisha mwenyewe. Mimi najua tu, shemeji. Wewe uliona."

Nilielewa anachotaka. Barua, na saini yangu chini: mimi ndiye niliyewatuma. Mwalimu wa maadili, Jumanne na Alhamisi. Nilimwambia nitafikiri, nikaenda nyumbani kutafuta huruma, nikakosea nyumba.

"Umewahoji watu maisha yako yote," mke wangu alisema huku anakunja nguo. "Leo umehojiwa wewe, unatafuta mlango wa uani? Mkuki kwa nguruwe, eh?"

Kesho yake adhuhuri Bi Rula alinivuta mpaka kwa Nusu Saa, maana alisema hawezi kumwandika mtu bila kumwambia. Tulimkuta amebana kiatu cha shule katikati ya magoti, uzi mdomoni.

"Fundi, uliwahi kusema hospitali imepigwa kiraka?"

"Nilisema. Kwani si kweli?"

"Na uliwahi kuwa mjane?"

Akautoa uzi mdomoni. "Dada, mimi hata mke sina."

Tukamweleza. Alicheka mwanzoni, akaita wa kibanda cha jirani waje wasikie, akataka kusomewa ya mkulima mara mbili. Kisha kicheko kikaisha taratibu, akabaki anakigeuzageuza kile kiatu.

"Mara mia na thelathini na moja," alisema. "Mimi nilidhani wananiuliza mimi. Ningejua naisemea nchi, ningefikiri kwanza."

Kisha akamwelekezea Bi Rula sindano. "Na wewe dada, unayewapima wote hawa. Walishawahi kukuuliza chochote?"

"Mimi?" Bi Rula alicheka. "Nani aniulize mimi?"

Mficha uchi hazai. Niliomba karatasi, nikaiandika barua ile palepale, juu ya benchi la fundi viatu, kati ya gundi na misumari, jina langu lote na miaka yangu tisa. Bi Rula aliisoma, akaikunja, akaitia kwenye mkoba, na tulipovuka barabara alinishika mkono kama ninavyomshika mjukuu wangu. Ijumaa saa nne asubuhi tulituma kila kitu. Saa kumi alikabidhi funguo za chumba, akalia kidogo, akapigwa picha na mkuu. Jumatatu saa mbili na robo alikuwa mlangoni, na mlinzi akamfungulia kama kawaida.

Wiki tatu tulizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kila kompyuta ikilia, Bi Rula anasimama. Jibu lilikuja Jumanne, wakati niko darasani, na nililijua kabla ya kuliona, kwa sababu nilisikia ndara zikipiga korido kwa mbio.

"Tumepata!" alipiga kelele mlangoni. "Tumepata mstari! Na maelezo yetu wameyataka yote, si chini ya jedwali, ukurasa mzima! Wanasema hakuna mtu aliyewahi kukihesabu kitu hiki!" Akavuta pumzi. "Na jirani anayetusonya ameomba fomu yetu. Ameshampata kinyozi wake!"

Wanafunzi walisimama juu ya viti. Niliahirisha maadili ya siku ile, na barua yangu nikawasomea Alhamisi, neno kwa neno, na sikufa. Shemeji alipanda kwenye boksi akaubandua ukurasa wa "Nyinginezo" kwa mikono yake, rangi ya ukuta ikatoka nao.

Gazeti letu likataka kuandika. Mwandishi aliyetumwa alikuwa binti mwepesi, mwenye maswali mazuri, nilimfundisha mwenyewe. Alikaa na mkuu wa chuo, kisha akapanda chumba namba kumi na nne akakaa na Bi Rula dakika arobaini. Shemeji alimwonyesha kila kitu: rula, nyuzi, boksi la kwanza kabisa. Aliposhuka kumsindikiza alikuwa amejitanda vizuri kama anayekwenda harusini.

Siku iliyofuata nilimkuta mezani, gazeti limetandazwa, ukurasa wa tatu.

"Twende kazi," alisema. "Kila mtu peke yake."

Nikapewa rula kwanza. Nilianzia kwenye moja na nikatoa moja. Mkuu wa chuo alikuwa amepewa sentimita ishirini na moja na picha. Chini kabisa, baada ya wizara na baada ya mhadhiri wa nchi jirani, kulikuwa na sentensi moja: "Mfanyakazi mmoja wa chuo alisema kazi hiyo ilichukua muda mrefu." Sentimita mbili.

Nilijaza fomu yangu kwa kalamu iliyokuwa inatoboa karatasi. Nani amesema? Niliandika jina lake, la baba yake na la babu yake. Mwanamke. Mtafiti. Kisha tukabadilishana fomu. Mwandiko wake ulikuwa uleule wa siku zote, umenyooka, hauna haraka. Nani amesema: mfanyakazi, hakutajwa. Mwanamume au mwanamke: haijulikani.

"Umekosea, shemeji," alisema. "Andika kilichopo kwenye ukurasa."

"Najua."

"Basi futa, tukubaliane."

Sikufuta. Alingoja kidogo, kisha akazifunga zote mbili kwa uzi mwekundu, yake juu na yangu chini, akaziweka kwenye boksi la mia tatu na kumi na tatu.